Nyuzi Ngapi

Mgombea aliniletea kitambaa cha samawati,
mita sita, na karatasi yenye neno moja: UHAI.
Kwa lugha yetu ya Kipolandi ni herufi tano,
ya kwanza ina nukta kichwani.
Alilipa nusu. Akaniuliza hali ya goti langu.

Bwana Ireneusz si mtu mbaya,
msinilishe neno hilo.
Mwaka wa mafuriko alibeba magunia ya mchanga
hadi kucha zikamtoka,
na mama yangu alipozikwa
alishika jeneza upande wa kichwa, kwenye uzito.

Ijumaa alihutubia ukumbi wa zimamoto.
Keki ya mbegu za mpopi, chai kwenye bilauri,
helmeti za shaba ukutani, zimesuguliwa zikang'aa.
Akasema sheria yetu ni nzuri ila ina mwanya,
naye akichaguliwa, atauziba.
Daktari ataruhusiwa, akasema, pale tu
maisha ya mama yatakapokuwa yananing'inia kwenye uzi.
Tulipiga makofi. Nami nilipiga,
mikono ina mazoea yake.

Ndipo Leszek, dereva wa lori la maziwa, akasimama.
Hakuwa amevua koti.
Alifungua daftari la hesabu, la mkewe, Kinga,
yule aliyewafundisha wanetu kugawanya.
Hakulia. Alisoma tu.

Jumanne, saa tatu usiku. Chupa imepasuka. Wiki ya kumi na tisa.
Thelathini na saba nukta moja.
Jumatano asubuhi. Mtoto hataishi, wamesema.
Moyo wake bado unapiga, wamesema. Tungoje.
Thelathini na saba nukta tisa.
Jumatano jioni. Thelathini na nane nukta sita.
Anaomba blanketi la pili.
Daktari amempigia simu mwanasheria wa hospitali.
Mwanasheria yuko mezani, atapiga baadaye.
Alhamisi alfajiri. Thelathini na tisa nukta nne.
Ananiita kwa jina la kaka yake.
Alhamisi, saa nne asubuhi. Moyo wa mtoto umesimama.
Sasa wanakimbia.

Kurasa zilizofuata zilikuwa tupu. Akazipekua hata hivyo,
moja moja, kisha akafunga.
"Bwana mgombea, nauliza kitu kidogo.
Katika namba hizi, ungewaruhusu kwenye ipi?
Nyuzi ngapi?"

Jikoni birika lilipiga mluzi, hakuna aliyekwenda kuliepua.
Mgombea akanywa maji. Akajaza tena, akanywa.
Akasema kila kisa kina uchungu wake.
Akasema madaktari waliogopa bure, sheria haikuwafunga mikono.
Yule daktari kijana alikuwa nyuma, karibu na mlango.
Alitazama viatu vyake kama mtu anayehesabu vitundu vya kamba.
Mke wa mgombea, safu ya mbele,
alifunga kifungo cha glavu, akakifungua,
akakifunga.

Nilirudi nyumbani nikawasha taa ya cherehani.

Miaka arobaini na miwili ninashona.
Najua pamba hukatikia wapi, nailoni wapi,
na najua huwezi kuujua uzi kwa kuutazama:
unaonekana mzima, mzima, mzima.
Aliyeshika kitambaa husikia kwa kidole unapoanza kulegea.
Aliye mbali huambiwa baadaye.
Na hapo huletewa mtu kama mimi, na kuulizwa
kama panaweza kutiwa kiraka.

Bango nililimaliza. Makaa ni ghali msimu huu,
na nusu ya pili nilikuwa bado naidai.
Herufi zote tano nilizipiga cherehani, mara mbili mbili,
mtu asije akasema nimeharibu kazi.
Ile nukta ya juu niliishikiza tu
kwa mkono, uzi mmoja,
bila fundo.

Jumapili kulikuwa na upepo.