Sugu

Saa kumi na moja alfajiri nafungua kabati la joto
na harufu inanitangulia: mchuzi uliochacha, chumvi.
Visahani kumi na viwili, na kimoja kisicho na namba.
Hicho nakiacha mwisho.

Juzi nilivipaka maji ya ini la kamba
wa bwawa la nne, bwawa la mume wangu,
nikaweka juu yake vidonge saba vya karatasi,
kila kidonge kimelowekwa dawa yake.
Dawa ikiwa na nguvu, vijidudu hukaa mbali nayo;
pembeni hubaki duara tupu,
kama alama ya glasi baridi mezani.

Mwaka nilioajiriwa hapa Machala
maduara yalikuwa mapana hadi yakigusana.
Sasa vijidudu vimeota mpaka ukingoni mwa karatasi,
vimeiegemea
kama walevi walioegemea kaunta.

Hivi ni ukoo wa kipindupindu,
binamu zake wa maji ya chumvi.
Kamba wakipatwa navyo ini hupauka,
utumbo huwa uzi usio na kitu;
huzungukazunguka juu ya maji, bila haraka,
kisha huzama.

Wilfrido hajui visahani.
Anajua feni za maji zinazopiga usiku kucha,
anajua deni la chakula,
anamjua bwana Ulbio wa duka la pembejeo
ambaye kila msimu ana neno moja: ongeza nusu pakiti.
Basi huongeza. Unga wa manjano, molasi kidogo,
anachanganya kwenye beseni kwa mikono mitupu,
mikono yenye sugu za kuvuta nyavu na mabomba.

Nilimshika kiganja nikamwambia: ona.
Ukiisugua ngozi siku moja, inachubuka.
Ukiisugua kila siku inaota sugu, haisikii tena.
Na vijidudu ni hivyohivyo.
Akacheka. Ngozi haina akili, akasema.
Nikamjibu: wala vyenyewe havina. Havihitaji.

Kamba hukatika pabovu.
Yetu ilikatikia sikioni mwa Nereida.

Ana miaka saba. Huogelea kwenye mfereji
unaotoa maji ya mabwawa kuyapeleka baharini.
Nimemkataza, nimemchapa, nimemhonga peremende.
Sikio likavimba, likatoa usaha
wenye harufu ninayoijua kazini.
Daktari akaandika dawa. Siku tano.
Akaandika nyingine. Siku saba.
Usiku mtoto analala upande mmoja,
asubuhi foronya imekauka, ngumu kama gamba.

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
Aliyesema hakuwahi kuchungulia visahani vyangu.
Humu, kisichosikia dawa ndicho kisichokufa.
Kinachokufa ni sikio la mtu mwingine.

Ndiyo maana juzi usiku niliingiza pamba sikioni mwake,
nikaificha kifuani, nikampita mlinzi nikimsalimu,
nikapaka kisahani cha kumi na tatu.
Sikuandika bwawa. Niliandika N.

Kidonge cha kwanza, hakuna kitu.
Cha pili. Cha tatu.
Cha nne nimekigeuza kwenye taa, labda macho yangu.
Hakuna.
Cha tano.
Cha sita kina duara.
Jembamba, kama ukucha uliokatwa, lakini lipo.
Nimelipima mara tatu. Kisha nimekaa sakafuni.

Nje, Wilfrido hajazima pikipiki.
Migomba nyuma yake inadondosha umande.
Imepatikana? Imepatikana.
Anamshukuru Mungu, ananishika mabega
kwa mikono ile ile, mikwaruzo yake naijua.
Tunasimama hivyo.
Halafu, kwa sauti ya chini,
macho yameshakwenda bwawa la nne:
Inaitwaje?

Miaka kumi na moja ya ndoa
sijamficha hata senti.

Nikasema, maandishi yamefutika.