Lango la Kumi na Moja

Njia ilianza vizuri, kama uchumba.
Picha nyeupe ya baiskeli juu ya lami,
kibao cha buluu, namba nyekundu, mshale
ulioelekea milimani kana kwamba milima ni jirani.
Hatua arobaini, na mlingoti wa taa
umesimama katikati ya ile rangi nyeupe.
Chini yake maandishi, kwa lugha mbili tusije tukajitetea:
Shuka. Kokota.

Tukashuka, tukakokota, Emrys na mimi,
miaka mia na thelathini na mitatu kwa jumla,
mabegi manane, hema, birika,
na jibini ambalo mkewe alisema tusirudi nalo.

Penye nia pana njia, husemwa.
Nia ninayo, nimeifunga kwa kamba nyuma ya kiti.
Njia ndiyo iliyojipenyeza nyuma ya duka la mbolea,
ikazunguka mapipa ya taka,
ikashuka ngazi kumi na tisa hadi mferejini.
Ngazi! Nani alimwona baiskeli akishuka ngazi?

Kutoka Pentre Hesgin hadi Aberwernog ni maili sita
kwa barabara kuu.
Namba nyekundu inataka kumi na nne.
Inapanda kuwajulia hali kondoo,
inateremka kunywa maji kijitoni,
inakumbuka ilichosahau, inapanda tena.

Na malango.
Vyuma viwili vimeegemeana, vipana chini,
vyembamba pale pale usukani unapotaka kupita.
Basi fungua mabegi, yavushe mawili mawili,
inua baiskeli kwa gurudumu la nyuma
kama mbuzi anayekataa josho,
funga mabegi. Panda. Dakika mbili.
Lango.
La nne nilitukana.
La sita nilitukana kwa Kiwelisi,
ambacho sikuwa nimekigusa tangu bibi yangu azikwe.
La saba lilikuwa na upupu hadi magotini.
La nane silikumbuki.

Juu kabisa, mama mmoja, Gwladus, alikuwa anaosha mabuti bombani.
Akatujazia chupa.
"Mnafuata ile namba?" Akacheka hadi mbwa akabweka.
"Aliyeichora alikuja na gari siku ya mvua.
Hakushuka. Alikula mkate wake humo ndani,
akafuta kioo kwa kiganja, akaondoka."
Nilicheka mimi. Emrys alikuwa anakaza kamba
ambayo haikuwa imelegea.

Chini bondeni barabara kuu ilinguruma,
nyoofu, laini, imejaa malori ya maziwa.
Mwaka juzi ilimchukua kijana wa posta
na taa zake zote zikiwaka.
Ndiyo maana tuko huku juu, kwenye upupu.

Lango la kumi na moja hakufungua mabegi.
Aliweka kiganja juu ya chuma, kama mtu anayempima ng'ombe homa.
"Hili ni langu," akasema.
Nikadhani anazungumzia zamu.
"Walilalamika kuhusu pikipiki. Nilikuwa ofisi ya barabara,
nikachukua rula. Malango kumi na mawili.
Nilitia sahihi kabla ya chakula cha mchana."

Kando ya lango uzio ulikuwa umelala chali,
na juu yake alama za matairi ya pikipiki,
pana, zenye raha, tope lake bado bichi.

Nilikuwa na matusi ya malango kumi mdomoni.
Nikasema tu: "Ulipita hapa hata mara moja?"
"Sikuwa na baiskeli," akasema.

Kisha akafungua mabegi yangu kabla ya yake.
Moja moja, yote manane, na hema, na birika.
Mimi nikakaa juu ya jiwe nikamwacha abebe.
Sikumsaidia; naomba mnielewe, au msinielewe.
Alipomaliza alikuwa anahema,
akatoa jibini, akalikata kwa kisu cha mfukoni,
akanipa kipande kikubwa.

"Limebaki moja," akasema,
akitazama mbele.