Swali la Nane

Saa tano za usiku, meza ya jikoni.
Nimesogeza sahani, nimefungua kompyuta ya binti yangu,
herufi E imeng'oka kama jino.
Nje mvua ya bonde letu haina haraka,
kama kibarua wa kulipwa kwa saa.
Mimi Gethin, miaka hamsini na sita.
Mikono iliyochomelea mabomba miaka thelathini na mmoja
leo inauwinda mshale mdogo mweupe kwenye kioo
kama mtu anayefukuza nzi kwa kijiko.

Karakana ilifungwa Februari. Tulipewa bahasha na keki.
Dada wa ofisi ya ajira akaniuliza,
"Umewahi kumtunza mtu?"
Nikasema hapana.
Nilisema upesi mno.

Somo la kwanza, kunawa mikono. Nilicheka peke yangu,
sisi tuliokuwa tukinawa kwa sabuni yenye mchanga!
La pili, siri za mgonjwa. La tatu, kumgeuza mtu kitandani
bila kumburuta, maana ngozi ya uzee
ni ganda la kitunguu, huchanika bila kelele.
Mwalimu ni sauti tu.
Haichoki, haikohoi, hainijui.

Jana lilikuja zoezi: mwombe mtu wa nyumbani akulishe.
Fumba macho. Usiseme kitu.
Nerys alikuwa kazini, kwa hiyo ni Rhodri,
mwanangu, ambaye tangu Februari
hunijibu "sawa" na "sijui" basi,
aliyeketi mbele yangu na bakuli la mtindi.
Kijiko cha kwanza kilinigonga jino.
Cha pili kilifika sijameza cha kwanza.
Cha tatu sikujua kinatokea wapi,
nikaachama gizani kama kinda la ndege
na aibu ikanipanda hadi masikioni.
"Zamu yako," nikamwambia.
Akafumba macho, kijana wa miaka ishirini na miwili
niliyemlisha mara ya mwisho hana meno.
Nikasema: kijiko kinakuja.
Nikangoja koo lake lishuke.
Mtindi ukaisha. Hatukuongea,
lakini hakuondoka mezani.

Usiku huu ni mtihani. Maswali ishirini.
Saba nimeyapita bila jasho.
La nane:
*Bwana H., miaka themanini, hataki kuoga. Utafanya nini?
A. Utamwogesha; usafi ni lazima.
B. Utamwacha, uandike kwamba amekataa.
C. Utaketi naye, umuulize kwa nini.*

Nani ameiambia mashine hii habari za baba?
Mapafu yamejaa vumbi la makaa,
alishikilia mlango wa bafu kwa mikono yote miwili,
nami nilikuwa na zamu ya saa nane,
nikambandua kidole kimoja kimoja
kama ninayebandua kutu.
Nilimsugua akatakata. Alitakata kabisa.
Hakunitazama hadi Jumapili.

Sikumuuliza. Huenda maji yalikuwa baridi.
Huenda aliona haya mwanawe aone
kifua kilichosukuma magari ya mgodini
kimebaki mbavu na pumzi.
Huenda alikuwa akimngoja mama,
na mama tulishamzika.
Majuto ni mjukuu, husemwa;
wangu ameingia kwa waya, bila hodi.

Dakika zinahesabika pembeni mwa kioo.
Jibu nalijua, hata mtoto angelijua.
Nabonyeza A.
Angalau mara moja niseme kweli.
Kinatokea kimsalaba chekundu:
*Si sahihi. Jaribu tena.*

Jaribu tena.
Miaka yote ile kanisani, benchi la nyuma,
sikumbuki kuambiwa neno jepesi namna hiyo.

Nimepata tisini na tano kwa mia.
Ile tano najua ilikokwenda.

Jumatatu asubuhi naanza na Bibi Marged Pugh, nyumba namba tisa.
Faili lake lina mstari mmoja: *mkaidi, hapendi kuoga.*
Nimeshanunua biskuti.