Fungua R

Siku mbili nafukua daftari za stesheni
katika maktaba ya Tabora, feni imekufa,
vumbi la karatasi limenikaa kooni.
Namtafuta Lugalila, baba wa bibi yangu,
aliyeliwa na simba kule Malagarasi:
ndivyo tulivyolishwa, pamoja na uji.

Kwenye L hayumo.

Mkutubi, Bi Nyanzobe, hakuinua hata macho:
"Karani alikuwa mgeni, mwanangu.
Sikio lake halikuujua ulimi wetu.
Fungua R."

*Rugarira. Mchukuzi wa mizigo.*
Mshahara, shilingi kumi na mbili.
Alama ya dole gumba, wino umevuja
kama jeraha dogo la buluu.
Na pembeni, kwa mwandiko wa haraka:
*Amefukuzwa. Kalala zamu mara tatu.*

Simba hakuna.

Nikaweka dole langu juu ya lake.
Lake pana, likanimeza.

Jioni, Ipuli, nikamsomea bibi polepole,
nikichelea kumwulia simba wake.
Akacheka hadi kanga ikamdondoka.
"Ndiye," akasema, "ndiye hasa.
Mama alisema hata mvua ya mawe
haikumwamsha."