Hewa ya Kununua

Vua pete, anasema Anaeli Nnko.
Sina pete.
Vua hereni, saa, kibanio cha nywele,
futa mafuta mikononi,
simu iache kwenye beseni.
Na medali? ananitania.
Ile ya Babati ilikuwa bati tupu, namjibu,
iko kwa mama, inaning'inia juu ya kabati la vyombo.

Nalala chali. Kitanda kinateleza ndani
kama trei ya mikate kwenye oveni.
Mlango, kioo kinene, kisha masikio:
meza mate, anaagiza kwa simu ya ukutani,
piga mwayo, tafuna kama ng'ombe.
Natafuna.
Tak, linazibuka la kulia. La kushoto linagoma.

Ugoko wa kushoto nao una ufa,
unywele mmoja kwenye picha, hata daktari
alitumia ncha ya kalamu kunionyesha.
Nilikimbia nao siku arobaini
njia ya msitu wa Olmotonyi, alfajiri,
nikiuita uchovu, nikiuita viatu, nikiuita baridi.
Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nimejengewa ukuta kwanza,
wa mviringo, wa chuma na kioo,
nikafungiwa humo
ndipo ufa uzibwe.

Sasa uko mita kumi chini ya bahari, anasema Anaeli.
Bahari sijaiona.
Maji mengi ninayoyajua ni Ziwa Babati
na yale yana viboko.

Jana mama alipiga simu kutoka Dongobesh.
Shilingi ngapi?
Nikamtajia.
Kimya. Nilisikia kuku.
Wanakuuzia hewa, Fabiola?
Dawa, mama. Oksijeni.
Hewa, akasema, ambayo huku Mungu kaimwaga bure
mpaka inatung'olea mabati.

Ningemwelezaje? Hewa ile ndiyo iliyonilea,
nyembamba, bahili,
ikayafundisha mapafu kudonoa
kama kuku kwenye uwanja uliokwisha fagiliwa.
Humu ndani limemwagwa gunia zima
na sijui nianzie wapi.

Daktari hakunidanganya.
Wengine inawasaidia, alisema,
wengine labda ni siku tu zimepita;
wataalamu bado wanabishana, na kwa mfupa siahidi.
Kocha Gwandu akatazama sakafu, akasema tujaribu.
Akauza pikipiki,
ile ile aliyokuwa akinifuata nayo
akipiga honi nikilegea.

Nyuma ya ukuta kuna kijana wa pancha.
Kompresa yake inanguruma, inanyamaza, inanguruma.
Tunajazwa upepo sote, mimi na tairi za bodaboda,
ila yeye anatoza buku
na tairi linaondoka siku hiyo hiyo.

Mwezi wa nane kocha aliniambia pumzika.
Nikasikia adhabu.
Leo, dakika ya sitini au ya sabini,
sina saa, sina pa kwenda,
nalisikia neno lenyewe kutokea ndani:
pumzi.
Muda wote ilikuwamo.
Nimelitamka maisha yangu yote
kama mtu anayepita mlangoni kwa ndugu yake
bila kubisha hodi.

Upepo unatolewa. Kibaridi kinapanda miguuni.
Unajisikiaje?
Njaa.
Anaeli anaandika: kumi na moja kati ya ishirini.
Sijui kama njaa ameiandika.

Nje, Njiro imelowa, Meru umejifunika gubigubi.
Natanguliza mguu wa kulia,
kisha wa kushoto, taratibu,
kama anayeonja maji ya kuoga kwa kidole.
Kuna kitu. Pengine ni ufa,
pengine ni mguu tu unakumbuka.
Kijana wa pancha ananitazama nikivuka mtaro,
mikono myeusi, ameshika tyubu ndani ya karai la maji
akitafuta mapovu.
Dada, anauliza, bado unavuja?

Kidogo, namwambia.