Stakabadhi Mbili

Dada Mwanakheri, lete miwani yako.
Hii ya kwako, Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani;
hii yangu, Genge, Muheza.
Kodi ya pango la ardhi, mwaka mmoja.
Mita za mraba ni zile zile, mia nne na ushee:
baba alizipima kwa kamba moja ya katani,
fundo kila hatua kumi,
akaitumia huku, akaipeleka kule kwa baiskeli.

Kamba moja. Bei mbili.

Wewe unalipa karibu mara tatu yangu,
na umeshalisema hilo kwenye khitma, mbele ya wakwe,
kana kwamba mimi ndiye niliyepanga viwango
nimejikalia Muheza namenya machungwa.

Haya, tuhesabu. Sikimbii hesabu.
Kwako bomba linatoka hata kiangazi;
kwangu ni madumu, kwa mkokoteni wa Sekiboko,
naye hatoi stakabadhi.
Taa ya barabarani inakuingilia hadi kitandani,
umeshona pazia zito kuizuia.
Pazia nalo liandike.
Una mpangaji wa duka la mbele. Mimi nina kuku wa jirani.
Taka zako zinafuatwa Jumanne;
zangu nazichoma mwenyewe, moshi naula bure.

Umenyamaza. Umekunja karatasi, umeikunjua.
"Basi tubadilishane."

Nami niliyekuja na kalamu mbili
ulimi ukaniganda.
Mlango wangu wa uani hugoma masika,
lazima uuinue kidogo kwa goti, hivi,
nani atakufundisha?
Na mimi huku, umeme ukikatika,
nitapapasa ukuta gani?

Hapo simu ya baba, ambayo hatujathubutu kuizima,
ikatetemeka kabatini, kati ya sahani za sikukuu.
*Ndugu Mbaruku Semhando, unakumbushwa kulipa deni lako.*
Ikatulia. Ikatetemeka tena:
kiwanja cha pili.

Mwaka wa nne, dada, na hatujabadilisha jina.
Marehemu anadaiwa mjini, anadaiwa shamba,
kwa viwango viwili, na riba juu.
Tungemuuliza wapi ghali
asingejibu.
Angeuliza kwanza kamba yake iko wapi.

Iko kwangu.
Naanikia nguo.