Nafasi ya Tatu

Nilizikusanya fomu zenu jana saa nane mchana,
kumi na moja, moja ina doa la chai.
"Taja kazi tatu unazozitamani," wizara inauliza.
Aybek: rubani, mwanasheria, halafu rubani tena.
Jyldyz: daktari wa meno. Daktari wa meno, ila Moscow.
Syimyk kaandika kwa herufi kubwa KOMPYUTA,
kana kwamba kompyuta ni kazi.
Nafasi ya tatu wengi mmepiga kimstari, basi.

Mwalimu hayupo.

Sikushangaa. Mnaniona.
Mnalijua koti hili, msimu wake wa saba,
na ndoo ya makaa ninayoiburura kabla ya kengele
ili wino usigande kalamuni mwenu.
Sitawaambia kuwa mwalimu ni mshumaa
unaojiunguza wengine wapate kuona.
Mimi si mshumaa. Mshumaa haudai malimbikizo.
Mshahara wangu ni kama theluji ya Aprili:
umeshaacha kuutazamia, ndipo unapodondoka,
na ukigusa ardhi tu, umeyeyuka.

Hayo nimeyasema mimi mwenyewe,
msije mkasema Gulzada alituficha.

Sasa sikilizeni la Februari.
Mapafu yalinilaza hospitali ya Naryn siku tisa.
Mkuu wa shule akamtuma Meerim darasa la nne,
"Wakae kimya tu," alimwambia, "usihangaike."
Siku ya kumi nikarudi. Nipo ukumbini,
nakung'uta theluji kwenye viatu, mlango uko wazi kidogo,
namsikia Tilek, yule wa masikio mekundu,
aking'ang'ania lile lile alilonishinda nalo miaka miwili:
robo ni kubwa kuliko nusu,
kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili.

Meerim hakucheka.
Hakumwambia "umekosea", neno ninalolitumia mimi
mara nyingi kuliko chumvi.
Alifungua mfuko wake, akatoa mkate wa duara,
akaukata kati. Kipande kimoja akakikata tena.
"Una njaa, Tilek?"
"Ninayo."
"Chagua, basi. Robo, au nusu?"

Kimya.
Jiko likapasua kaa moja.
Kisha mtoto akasema: "Aaa."

Aaa ile, wanangu.
Sauti ndogo, haijazi kiganja,
huwezi kuipima, huwezi kuipeleka benki,
na mimi nimeamka gizani miaka thelathini na mmoja
kwa ajili yake na si kwa kingine.
Kuna wiki hainijii kabisa.
Ikija, nasahau kwamba magoti yananiuma.

Tilek alichagua nusu, bila shaka, akaila yote.
Wenzake wakamaliza zilizobaki.
Meerim akashinda na njaa hadi jioni.
Hiyo nayo ni sehemu ya kazi, sikufichi.

Na bado fomu yake inasema: mhasibu, mhasibu, kimstari.
Uhasibu ni kazi njema. Kwenu mko sita,
na mgongo wa baba yako nimeuona ukipinda.
Sikulaumu hata chembe.
Ila bonde hili lina farasi wasiohesabika
na halina mwalimu wa kemia mwaka wa pili huu;
kemia anaisoma mwalimu wa michezo
kwa sauti ya mtu anayetangaza penalti.
Mimi mwakani nastaafu.
Tilek atafika kwenye aljebra. Atafika kwa nani?

Haya, zipokeeni. Zinatakiwa wizarani Ijumaa.
Syimyk, andika kazi, si kifaa.
Jyldyz, hapa kwetu pia watu wana meno.
Sijawaandikia neno lolote.
Nimechukua raba tu, nikafuta vimstari
kwenye nafasi ya tatu, pakabaki peupe.

Meerim, yako imechubuka kidogo karatasi.
Samahani.
Nilifuta kwa nguvu.